Kiskoti na Ukosefu wa Wasomaji: Tukilihakiki Agano Jipya la Lorimer

Makala haya yametokana na swali la mtihani ambalo tulilitunga wenyewe na ambalo sasa tunakiri kuwa lilikuwa swali baya. Katika kozi ya isimujamii tuliwataka wanafunzi wa mwaka wa pili wataje lahaja tano za Kiingereza na kueleza sifa za kila moja. Jibu tulilolitarajia lilikuwa katika kijitabu cha mihadhara tulichokirithi kutoka kwa waliotutangulia: Kiingereza cha Marekani, cha Australia, cha Uskoti na kuendelea. Mwanafunzi mmoja anayetoka Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, aliandika lahaja nne tu. Ya tano aliiacha kwa makusudi, akaeleza kwamba Kiskoti kiliwahi kuandikia sheria za bunge, na kwamba lugha iliyoandikia sheria haiwezi kutiwa katika kapu moja na lafudhi. Tulimkata alama. Alipokuja ofisini kudai haki yake tulianza kumjibu kwa sauti ya mtu anayejua, tukamalizia kwa ahadi kwamba tutakwenda kusoma.

Tumesoma, na alama zake amerudishiwa. Hata hivyo tumegundua kwamba jibu lake nalo halikufika mwisho wa jambo. Kuuliza kama Kiskoti ni lugha au lahaja ni kuuliza swali ambalo wataalamu wamelijibu kwa njia zote mbili bila kumsaidia msemaji hata mmoja. Mwaka 2010 serikali ya Uskoti ilifanya utafiti wa maoni kwa watu wazima wapatao 1,000. Asilimia 85 walisema kwamba wanakisema Kiskoti kwa kiwango fulani. Asilimia 64 walikubaliana na kauli kuwa Kiskoti si lugha hasa bali ni namna tu ya kusema. Kwa hiyo wako watu wengi wanaokisema na papo hapo hawakitambui. Sisi tunadai kwamba sababu kubwa ya hali hiyo ni kusoma: Waskoti wamekisema Kiskoti kwa karne nyingi, lakini kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuna aliyewafundisha kukisoma. Kitabu kinachoonyesha jambo hilo kuliko vyote tulivyovipitia ni tafsiri ya Agano Jipya iliyofanywa na William Laughton Lorimer na kutolewa mwaka 1983, na ndicho tutakachokihakiki hapa. Kabla ya kukifikia inabidi tupite kwenye historia, maana bila historia kitabu hicho huonekana kama mchezo wa mzee mmoja msomi.

Kwanza tuondoe mkanganyiko ambao wanafunzi wetu wengi wanao, na ambao kijitabu chetu kilichangia kuueneza. Uskoti ina mambo matatu yanayoitwa kwa majina yanayokaribiana. Kuna Kigaeli, lugha ya Kikelti iliyo ndugu wa Kiayalandi, inayosemwa zaidi milimani na katika visiwa vya magharibi. Kuna Kiingereza sanifu kinachotamkwa kwa lafudhi ya Kiskoti. Hicho ni Kiingereza, hakina ubishi. Kisha kuna Kiskoti chenyewe, lugha ya jamii ya Kigermaniki iliyo ndugu wa damu wa Kiingereza. Mtu mmoja huweza kuanza sentensi katika cha pili na kuimaliza katika cha tatu bila kujua amevuka mpaka. Hapo ndipo ugumu ulipo: mpaka kati ya Kigaeli na Kiingereza ni ukuta, ila mpaka kati ya Kiskoti na Kiingereza ni mteremko.

Asili ya Kiskoti ni Kiingereza cha Kale cha ufalme wa Northumbria, kilichosambaa kusini-mashariki mwa nchi ambayo leo ni Uskoti tangu karne ya 7. Karne ya 12, wafalme walipoanzisha miji ya biashara, wahamiaji kutoka kaskazini mwa Uingereza na kutoka Flanders waliipa lugha hiyo nguvu mpya, na Kigaeli kikaanza kusogezwa milimani. Jambo la kuchekesha ni kwamba wasemaji wenyewe waliiita lugha yao Inglis. Jina Scottis lilikuwa la Kigaeli. Mwishoni mwa karne ya 15 ndipo jina hilo lilipohamishwa, na mshairi Gavin Douglas, aliyekamilisha mwaka 1513 tafsiri ya Aeneid ya Virgil, akatangaza kuwa anaandika kwa lugha ya taifa la Waskoti. Lugha haikubadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni hisia za wenye nayo. Wakati huo ilikuwa na kila tunachokiita leo matumizi rasmi. Shairi refu la John Barbour kuhusu Mfalme Robert Bruce lilikuwa limeandikwa tangu miaka ya 1370. Sheria za bunge zilianza kuandikwa kwa Kiskoti mwaka 1424. Barua za serikali, kumbukumbu za miji, hesabu za wafanyabiashara, vyote vilikuwemo. Mwanafunzi wetu alikuwa sahihi.

Lugha ya namna hiyo ilipotezaje hadhi? Wanafunzi hutarajia kusikia habari za mkoloni na fimbo, kwa sababu ndiyo historia tunayoijua. Kwa Kiskoti mambo hayakuwa hivyo. Hakuna sheria iliyokipiga marufuku. Kilichotokea ni kwamba Uskoti ilipoingia katika Uprotestanti mwaka 1560, kanisa lililokuwa likisisitiza kila mtu asome Biblia lilimpa kila mtu Biblia ya Kiingereza. Biblia ya kwanza kupigwa chapa Uskoti, mwaka 1579, ilikuwa Biblia ya Geneva katika Kiingereza chake. Mwaka huohuo bunge liliwataka wenye uwezo wawe na Biblia nyumbani. Tangu hapo mtoto wa Kiskoti alijifunza herufi kwa lugha ya jirani. Murdoch Nisbet wa Ayrshire alikuwa amekwisha kuligeuza Agano Jipya kwa Kiskoti yapata mwaka 1520, akifuata tafsiri ya Kiingereza ya wafuasi wa Wycliffe, lakini kazi yake ilibaki mswada na haikupigwa chapa hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Tunashawishika kusema kwamba laiti mswada ule ungefika kiwandani katika karne yake, makala haya yasingekuwa na la kueleza. Wanahistoria hawapendi sentensi za laiti, basi tuiache hapo.

Yaliyofuata yalikuwa ni kumalizia. Mfalme James VI mwaka 1584 alichapisha maelekezo ya utunzi wa ushairi wa Kiskoti. Kitabu chake cha ushauri kwa mwanawe, Basilikon Doron, alikiandika kwa mkono wake kwa Kiskoti, ila kilipopigwa chapa Edinburgh mwaka 1599 kilikuwa kimeshavalishwa Kiingereza. Hapo alikuwa bado hajahamia London! Alihamia mwaka 1603 aliporithi taji la Uingereza, na mwaka 1707 bunge nalo likafuata. Katika karne ya 18 wasomi wa Edinburgh waliokuwa wakiheshimiwa Ulaya nzima waliona haya kwa namna walivyosema. Mwanafalsafa David Hume alitunga orodha ya maneno ya Kiskoti ya kuepukwa katika maandishi. Mwaka 1761 Thomas Sheridan, mwigizaji wa Kiayalandi, alitoa mihadhara Edinburgh kuwafundisha Waskoti kutamka Kiingereza, na watu wazito wa mji walilipa kumsikiliza. Mwaka 1872 elimu ya lazima ilipoanzishwa kwa sheria, aibu ile ya wasomi ikaingizwa madarasani na kukabidhiwa kwa watoto wa wakulima na wavuvi.

Msomaji atauliza: je, Robert Burns? Mashairi yake yalitolewa Kilmarnock mwaka 1786 na yanajulikana duniani kote. Ni kweli, na hatuna nia ya kumpunguzia sifa. Lakini Burns alifanywa kisingizio. Kila tarehe 25 Januari mtoto alitakiwa ayakariri mashairi ya Burns kwa Kiskoti, na tarehe 26 akakemewa kwa kutumia maneno yaleyale uwanjani. Ushairi ulipewa chumba cha wageni na nathari ikafungiwa mlango. Lugha inayoruhusiwa kuimba lakini hairuhusiwi kueleza, kuhoji wala kuhesabu haijaachwa hai kikamilifu. Hata Hugh MacDiarmid, aliyetaka kuufufua ushairi wa Kiskoti miaka ya 1920, aliuvuta zaidi juu kuliko kuushusha chini: alichota maneno yaliyolala katika kamusi ya John Jamieson ya mwaka 1808 na kuyachanganya na ya lahaja mbalimbali. Alipata shairi kubwa, A Drunk Man Looks at the Thistle, la mwaka 1926. Wasomaji wa kawaida hakuwapata.

Sasa Lorimer. Alizaliwa mwaka 1885 karibu na Dundee, akawa profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha St Andrews, na kwa miaka mingi alishiriki katika kazi ya kamusi kuu ya taifa, ile iliyotolewa kwa juzuu 10 kati ya 1931 na 1976. Tafsiri yake aliishughulikia mwishoni mwa maisha yake, alipokuwa amestaafu. Alifariki mwaka 1967 akiacha rasimu, na mwanawe Robin ndiye aliyezihariri hadi kitabu kikatoka mwaka 1983, miaka 423 baada ya Uprotestanti kuingia Uskoti.

Uamuzi wake wa kwanza, na ambao tunauona ndio mkubwa kuliko yote, ni kwamba alitafsiri kutoka Kigiriki moja kwa moja. Jambo hili linaweza kuonekana la kawaida kwa profesa wa Kigiriki. Lakini mtafsiri wa Kiskoti anayekaa na Biblia ya Kiingereza mezani hawezi kufanya zaidi ya kubadilisha tahajia na kutia chumvi. Matini chanzi inapokuwa Kiingereza, Kiskoti hulazimika kujieleza kwa kujitofautisha: kila neno huulizwa limepishana vipi na la jirani. Inapokuwa Kigiriki, Kiskoti huulizwa swali lingine kabisa, yaani kina nini cha kusema kuhusu jambo hili. Tofauti hiyo inaonekana katika sintaksia. Sentensi za Lorimer zina mpangilio wake, mazungumzo yana viitikio vyake, watu wanakatizana, wanabezana na kubembelezana kama watu waliozaliwa katika lugha hiyo. Wavuvi wa Galilaya wanasema kama wavuvi. Mabishano na Mafarisayo yana makali ya baraza ya wazee, si utulivu wa mimbari.

Uamuzi wa pili unahusu mitindo. Agano Jipya kwa Kigiriki ni maktaba ya waandishi kadhaa. Marko hafanani na Luka, na waraka kwa Waebrania una ufasaha ambao Marko hana haja nao. Tafsiri nyingi, pamoja na zile tulizozizoea kwa Kiswahili, huwanyoosha wote wakawa na sauti moja. Lorimer hakutaka hivyo. Alijaribu kuwapa waandishi Viskoti vilivyopishana kadiri Kigiriki chao kilivyopishana. Kwa mwalimu wa lugha somo hili ni adimu: Kiskoti, kilichosemwa kuwa hakina hata usanifu mmoja, kinaonyeshwa kuwa na rejista za kutosha kuwahudumia wote hao. Tungependa wanafunzi wetu wa tafsiri wakichunguze kitabu hiki kwa sababu hiyo tu, hata kama hawatakielewa chote kwa mara ya kwanza.

Sifa hizo haziondoi kasoro. Kiskoti cha Lorimer kimeegemea mashamba na maandishi ya zamani. Alikusanya msamiati mpana kupita kiasi. Msomaji aliyezaliwa mjini hukutana na maneno ambayo nyanya yake aliyajua lakini mama yake hakuyarithi. Glasgow, mji mkubwa kuliko yote, na wenye wasemaji wengi, hauna nafasi kubwa katika ukurasa wake. Aidha, kitabu kilikuja wakati makanisa ya Uskoti yalikuwa yameanza kubaki na viti vitupu. Lugha iliyokosa Biblia wakati kila mtu alipokuwa akiisoma ilipata Biblia nzuri wakati wasomaji wake walipokuwa wakipungua. Lorimer hana lawama katika hilo, ila mhakiki hana budi kulisema.

Ili kasoro ya msamiati ieleweke lazima tuseme kidogo kuhusu lahaja. Kwa kawaida hutajwa makundi makubwa ya kaskazini, ya kati, ya kusini na ya visiwani, na kundi la Ulster lililopelekwa Ayalandi na walowezi wa karne ya 17. Sifa zinazoyaunganisha ni pamoja na zile tunazoweza kuzionyesha ubaoni kwa dakika mbili: irabu ndefu ya u iliyobadilika katika Kiingereza lakini ikabaki katika sehemu kubwa ya Kiskoti, hivyo nyumba ni hoose na ng'ombe ni coo, maneno ya Wanorwe wa kale kama kirk, yaani kanisa, na ya Kifaransa kama ashet, sahani kubwa ya kuandalia. Visiwa vya Orkney na Shetland ni kisa cha pekee. Viliingia Uskoti mwaka 1468 na 1469 vikiwa rehani, baada ya mfalme wa Denmark na Norwe kushindwa kulipa mali aliyoahidi kumwozea bintiye kwa mfalme wa Uskoti. Lugha ya Kinorwe iliyosemwa huko ilikufa baadaye, lakini Kiskoti cha Shetland bado kina ladha yake, na bado kina du ya kumwita mtu uliyemzoea.

Kaskazini-mashariki, Aberdeenshire na jirani zake, wanasema Doric, ambapo sauti inayoandikwa wh katika Kiingereza mara nyingi hugeuka f. Salamu yao ni Fit like? na maana yake ni U hali gani? Hapa turuhusiwe kuchepuka kidogo. Alexander Mackay, mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878 na ambaye alianza kufundisha kusoma kwa maandiko ya Kiswahili kabla Luganda haijapata vitabu vyake, alizaliwa Rhynie, katikati ya eneo hilohilo la Doric, mwaka 1849. Wahenga wetu wa Mengo walifundishwa kusoma na mtu aliyetoka katika nchi ambayo msemo wake wa kila siku haukuwa na kitabu cha kusomea.

Glasgow nayo ina historia yake ya kudharauliwa, na cha kusikitisha ni kwamba baadhi ya waliokidharau Kiskoti cha mji huo walikuwa wapenzi wa Kiskoti wenyewe, walioona kimeharibiwa na viwanda na wahamiaji. Jibu lilitoka kwa waandishi wa mitaa hiyo. Tom Leonard alitoa mashairi sita ya Glasgow mwaka 1969, yakiwa yameandikwa kwa tahajia inayofuata sikio. James Kelman alishinda tuzo ya Booker mwaka 1994 kwa riwaya ya How Late It Was, How Late, na mmoja wa waamuzi akatamka hadharani kwamba ushindi huo ulikuwa fedheha. Tunaona Kelman amefanya upande wa pili wa kazi ya Lorimer. Lorimer alithibitisha kwamba Kiskoti kinaweza kubeba maandiko matakatifu; Kelman alithibitisha kwamba msimulizi, na si mhusika peke yake, anaweza kusema kama mtu wa mtaani. Kabla yake ilikuwa desturi mhusika aseme Kiskoti ndani ya alama za mtajo na msimulizi arudi kwenye Kiingereza safi, kama mwalimu anayesimama nyuma ya mwanafunzi.

Tahajia ni kidonda kingine. Tangu karne ya 18 wachapishaji walizoea kutia ritifaa kila mahali ambapo Kiskoti hakina herufi iliyopo katika Kiingereza, kana kwamba neno la Kiskoti limepungukiwa. Washairi walikubaliana mwaka 1947 juu ya mapendekezo ya kuiacha desturi hiyo. Lakini walikuwa washairi. Hawakuwa na shule wala mitihani. Linganisha na Kiswahili: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja, kulikuwa na kamati, vitabu vya kiada na wakaguzi nyuma yake. Tunaujua ubaya wa njia hiyo, waulize wenye Kimvita. Hata hivyo mtoto wa Gulu na mtoto wa Lindi wanaandika neno moja kwa herufi zilezile, na jambo hilo mtoto wa Aberdeen na wa Dumfries bado hawana.

Madhara ya kutosoma yalijitokeza waziwazi mwezi Agosti 2020. Iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya kamusi elezo ya Wikipedia ya Kiskoti, maelfu kwa maelfu ya makala, ilikuwa imeandikwa kwa miaka mingi na kijana mmoja wa Marekani asiyekijua Kiskoti, ambaye alichukua Kiingereza na kubadilisha maneno kwa msaada wa kamusi. Magazeti yalimcheka kijana. Sisi hatuoni kwamba yeye ndiye habari. Habari ni kwamba makala zile zilikaa hadharani miaka yote hiyo, katika nchi ambayo watu zaidi ya milioni 1.5 walisema katika sensa ya 2011 kwamba wanakisema Kiskoti, bila kelele kubwa kupigwa. Kosa la kusemwa lingesikika siku hiyohiyo sokoni. Kosa la kuandikwa halikuonekana, kwa sababu wengi wa wenye lugha hawakuwa na mazoea ya kuitazama ikiwa imeandikwa, na walioitazama pengine walidhani hicho ni Kiskoti cha kitabuni ambacho wao hawakukisomea.

Kwa upande wa hadhi rasmi mambo yamesonga. Uingereza ilikitambua Kiskoti chini ya mkataba wa Ulaya wa lugha za kimaeneo mwaka 2001, kwa kiwango cha chini kuliko Kigaeli. Sensa ya 2011 ilikuwa ya kwanza kukiulizia, na ile ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 46 ya watu wana ujuzi wa namna fulani wa Kiskoti, iwe kusema, kusoma, kuandika au kuelewa tu. Mwezi Juni 2025 bunge la Edinburgh lilipitisha sheria inayokipa Kiskoti, pamoja na Kigaeli, hadhi ya lugha rasmi. Tunaipongeza. Wakati huohuo tunatilia maanani zaidi kazi ya watu kama Matthew Fitt na James Robertson, ambao tangu 2002 wamekuwa wakitoa vitabu vya watoto kwa Kiskoti, hadi Harry Potter mwaka 2017. Mtoto wa miaka tisa anayecheka akisoma kwa lugha ya nyanya yake anafanya jambo ambalo kifungu cha sheria hakiwezi kumfanyia.

Wasomaji wa Uganda hawahitaji kuelezwa kwa nini tunasema hivyo. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili hapa kwetu, kitumike katika mazingira ambayo Bunge lingeyaainisha kwa sheria. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kukitumia na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Hali yetu ni kinyume cha ile ya Uskoti. Sisi tuna vitabu, tahajia na mtihani. Tunachotafuta ni watu wa kukisema baada ya mtihani. Na pale ambapo watu wanakisema kweli, mipakani, wanakisema kwa namna ambayo sisi walimu tumezoea kuipigia mstari mwekundu. Yule mwanafunzi wa Bwera huandika batu na batoto anaposahau kwamba yuko darasani. Kwao si makosa. Ndicho Kiswahili cha soko la Kasindi ng'ambo ya mpaka. Tulimkata alama kwa hayo pia, na hizo bado hatujazirudisha, kwa sababu hatujakubaliana idarani kuhusu tuandike nini pembeni badala ya neno “kosa”.

Muhula uliopita tulipeleka darasani kurasa chache za Lorimer, sura ya nne ya Injili ya Mathayo, pale Yesu anapojaribiwa jangwani. Ina kisa chake. Katika rasimu moja ya sehemu hiyo, ambayo mhariri aliiweka mwishoni mwa kitabu kama kiambatisho, kila mtu anasema Kiskoti isipokuwa Shetani, anayezungumza Kiingereza sanifu. Wanafunzi walipoelezwa walicheka sana, kisha wakataka kujua kwa nini rasimu hiyo ilifichwa nyuma. Tuliwajibu kwamba mzaha ni mzuri, ila ungeifanya tafsiri nzima isomwe kama ugomvi na jirani, na kazi ya Lorimer ilikuwa imeshajitoa katika ugomvi huo. Hatuna hakika kama waliridhika.

Mmoja akauliza: katika Biblia ya hapa Uganda, Shetani angesema Kiswahili kipi? Jibu lilitoka nyuma ya darasa mara moja, “Cha askari wa kizuizini, Mwalimu,” na darasa zima likaangua kicheko, hata sisi tunaoikumbuka miaka ile. Mwanafunzi wa Bwera hakucheka. Alisubiri kelele zitulie, akasema, “Sanifu.”

Tuliyaandika majibu yote mawili ubaoni, na muda ukawa umekwisha.